Yule wa Karibu na Kisima

Kabwata, Lusaka
Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024

Mwanangu Somoe,

Huu ni mwaka wa arobaini na saba tangu niteremke Kapiri Mposhi na sanduku moja la bati. Reli utakayoipanda kesho nimeipita mara moja tu, kwa upande mmoja. Ni safari ya siku mbili, labda tatu treni ikiharibika. Watu wakiniuliza kwa nini sijarudi kwetu huwaambia ni mbali, na kwa kuwa wengi hawajawahi kuupima huo umbali, hunyamaza.

Umekwenda Matero kuwaaga mama zako wadogo. Umeme umekatika tangu alfajiri, kama siku zote mwaka huu wa ukame, kwa hiyo naandika kwa mkono kwenye meza ya dirishani. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukiingia utasema "Baba, unaandika nini?" nami nitasema "Hamna kitu," kama nilivyozoea.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Una miaka thelathini na mmoja na umelala katika nchi nyingi kuliko mimi. Nitakuandikia jambo moja.

Nimesoma sura ya kwanza ya andiko lako. Uliponiletea wiki tatu zilizopita nilikuambia macho yananisumbua. Macho yangu hayana neno. Niliimaliza siku ile ile, nikairudia kesho yake. Unaanza na kisa nilichokusimulia tangu ukiwa shule ya msingi: kwamba zamani za Ujamaa, baba yako alifanya utafiti Temeke, majina ya watu yakaondolewa, lakini jedwali likabaki na namba ya balozi, umri, kazi na mahali pa kuzaliwa, na kwamba kwa kuwa balozi mmoja ana nyumba kumi tu, na katika nyumba zile kumi mchonga vinyago alikuwa mmoja, jedwali lenyewe lilimfichua mtu. Umeandika vizuri: "Kuondoa jina si kumficha mtu." Msimamizi wako ameweka alama ya vema pembeni.

Ni mfano mzuri, Somoe. Ila nusu yake ndiyo kweli. Nusu ya pili ninayo mimi, na Jumamosi hii utakaa Mbagala mbele ya binti wa mtu yule na kumsomea ile nusu ya kwanza. Siwezi kukuacha uende hivyo.

Aliitwa Mzee Nandala. Mie nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mtafiti msaidizi chuoni, kijana wa Tunduru mwenye suruali pana na miwani niliyoivaa zaidi kwa heshima kuliko kwa macho. Mkuu wetu wa utafiti alitaka kujua watu wa kando ya mji wanaishije: wametoka wapi, wanafanya kazi gani, wanachota wapi maji. Tulitaka zahanati na mabomba yapelekwe panapohitajika. Tuliamini, mwanangu. Usicheke. Asubuhi nikitembea na fomu zangu kutoka Tandika kwenda Mtoni, kwenye vumbi lile jekundu, nilijiona kama mtu anayejenga nchi kwa penseli.

Fomu ilikuwa na maswali thelathini na mawili. Kabla ya kuanza tulifundishwa kanuni: uliza, andika, shukuru, ondoka. Mhojiwa akikuuliza wewe, usijibu, maana ukijibu utamwelekeza. Mimi nilikuwa hodari wa kanuni hiyo kuliko wote. Fomu zangu zilikuwa safi, hazina pengo. Mkuu alizionyesha kwa wenzangu.

Balozi Sefu, Mzaramo, mwenyeji wa pale tangu enzi za babu yake, ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Nandala. Nyumba ilikuwa hatua chache kutoka kisima cha pampu. Mzee alikuwa barazani, gogo la mpingo kati ya miguu, mabanzi yamemzunguka.

"Hodi hapa!" Balozi akasema. "Nimekuletea kijana wa chuo. Ana maswali."

"Nimeona viatu. Kabila gani?"

"Myao," nikasema. "Wa Tunduru. Shikamoo."

Hakuitikia. Aliweka patasi chini polepole, akamgeukia balozi. "Sefu, nimekukosea nini? Asubuhi yote hii unaniletea Myao? Fidea! We Fidea! Ficha kuku, mtani kaingia!"

Kutoka ndani sauti ya mke wake ikajibu: "Na sufuria nayo!"

Mtoto wa miaka minane akatoka mbio, akamkumbata jogoo kifuani, akasimama ananikodolea macho. Huyo ndiye Fidea wako wa Jumamosi, uliyempata kwa kumuulizia mchonga vinyago wa Temeke.

Utani unaujua kwa upande wa mama yako, Mungu amrehemu. Umewaona wajomba zako Wabemba wanavyowafanyia Wangoni, hata msibani, matusi na vicheko, na hakuna anayenuna. Kwetu kusini ni hivyo hivyo: Wayao na Wamakonde ni watani. Mtani huingia ndani akachukua anachotaka. Mtani hukwambia la moyoni huku anacheka, nawe unamwambia lako. Ndiyo maana kuna sheria yake, ambayo hakuna mtu aliyeiandika popote kwa kuwa kila mtu alizaliwa akiikuta: neno la utani halipelekwi barazani. Halishtakiwi, halitolewi ushahidi. Linakaa pale liliposemwa, na mabanzi.

Nikaketi, nikafungua fomu. Tulikwenda swali kwa swali, naye kwa kila jibu akaongeza dongo lake.

"Nyie Wayao mnauliza sana," alisema. "Babu zenu waliuliza njia ya pwani mpaka wakasahau ya kurudi kwao."

"Na nyie mnachonga watu wa miti kwa kuwa wa nyama wamewakimbia," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Balozi Sefu akaona tumeelewana, akaaga, akaenda kwenye shughuli zake. Nikafika swali la jina na mahali pa kuzaliwa. Kadi aliyonionyesha ilisema Newala.

"Andika ilivyo kwenye kadi," akasema. Kisha akaegemea mbele, macho yakicheka. "Lakini nikuchekeshe, mtani. Unajua unaongea na maiti? Mwenye jina hili tulimzika. Binamu yangu. Mie nilivuka Ruvuma wakati wa vita na shati moja, nikaikuta kadi yake haina kazi. Nikasema, wewe umepumzika, ngoja mimi nitumike kwa niaba yako." Akajipiga paja. "Kwa hiyo andika: maiti, umri miaka hamsini na miwili, kazi yake kuchonga!"

Tulicheka wote wawili. Mama Fidea ndani naye alicheka, ila mimi nilisikia kicheko chake kikakatika mapema.

Swali la thelathini na mbili lilikuwa: una neno lolote la kuongeza? Mzee Nandala akasema, "Ninalo. Umeniuliza baba yangu nani, kwetu wapi, nina watoto wangapi. Sasa zamu yangu. Baba yako nani, Myao? Bado yu hai? Anafanya nini?"

Nikatabasamu, nikasema, "Samahani mzee, sie haturuhusiwi kujibu."

Aliniangalia kidogo. "Basi hatujajuana," akasema. Akaokota patasi.

Jioni yake, chumbani kwangu, nilinakili fomu upya kama desturi yangu. Sehemu ya maelezo ya mtafiti ilikuwa wazi, nami sikupenda nafasi wazi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Jina la kadi si la mhojiwa. Mzaliwa wa nje ya nchi, ng'ambo ya Ruvuma." Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na nia ya usahihi. Hilo ndilo nililolibeba miaka hii yote, kwamba nilipokuwa naandika sentensi ile moyo wangu ulikuwa mweupe, hata nilijipongeza.

Hadi hapa unakijua kisa, ingawa habari ya utani nilikuwa naipitia haraka haraka. Unajua pia kwamba fomu zikageuzwa kuwa kadi za matundu, zikapitishwa kwenye mashine kubwa ya kupangia iliyokuwa mjini, na kwamba mimi ndiye niliyeandika kanuni za kupanga: mwenye kazi, asiye na kazi, asiyethibitika. Mtu aliyekutwa nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi bila barua ya mwajiri, kanuni yangu ilimwita asiye na kazi. Mlinzi wa usiku aliyelala mchana hakuwa na kazi. Mchonga vinyago hakuwa na kazi. Mashine haikuwa na akili hata punje, ila ilikuwa na utii, na kwa kuwa ilipanga haraka na kwa safu zilizonyooka, sote tuliiona ina busara.

Sasa nusu ya pili.

Ofisi moja mjini iliomba matokeo. Sitaitaja. Ilikuwa siku zile ambazo watu walioonekana hawana kazi walikuwa wakiondolewa mjini kupelekwa vijijini wakalime, na sisi chuoni tulijua. Tulijiambia majina hayamo. Mimi ndiye niliyetumwa kupeleka bahasha. Bwana aliyeipokea alikuwa mpole, mtu wa makamo, anakunywa chai. Akaniagizia na mimi kikombe. Akapitisha kidole kwenye jedwali, hadi safu ya mwisho yenye maelezo ya mtafiti.

"Kijana, kazi safi hii. Safu zimenyooka kama gwaride."

"Ahsante, mzee."

Kidole kikasimama. "Huyu hapa. Mchonga vinyago, kazaliwa ng'ambo, kadi si yake." Akainua macho. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayemuulizia jirani. "Ndiye yule wa karibu na kisima?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema haturuhusiwi kujibu. Maneno hayo hayo niliyomwambia Mzee Nandala aliponiuliza jina la baba yangu. Niliyajua, nilikuwa hodari wa kuyasema. Lakini swali lilikuwa na jibu sahihi, na jibu nilikuwa nalo, na chai ilikuwa na tangawizi, na nilikuwa nimesifiwa.

"Ndiyo," nikasema. "Yule wa karibu na kisima."

Akaweka nukta ndogo kwa penseli.

Jedwali peke yake halikumpata, Somoe. Labda lingempata baadaye. Labda bwana yule alikwisha kujua na alitaka tu kuhakikisha. Hayo nimeyawaza kwa miaka arobaini na saba na nimechoka nayo. Ninachokijua ni kwamba kati ya jedwali na lori kulikuwa na neno moja, na lilitoka kinywani mwangu.

Baada ya siku tisa nilikwenda Temeke kukamilisha fomu mbili zilizobaki. Nilipita pale kisimani. Baraza ilikuwa na mabanzi, gogo limelazwa ubavu, lina bega moja na nusu ya uso. Mama Fidea alinikimbilia.

"Mtani wetu! Afadhali umekuja. Mwenzio wamemchukua juzi na lori. Wanasema jina si lake. Walijuaje? Hata Sefu hakuwa anajua." Hakuwa ananishuku, mwanangu. Aliniuliza kama anavyomuuliza mtu wa nyumbani. "We msomi. Tuandikie barua, tumuombee."

Nikaketi pale pale nilipoketi mara ya kwanza. Fidea akaleta karatasi ya daftari lake la shule, akasimama karibu na bega langu anatazama kalamu. Nikaandika. Niliandika juu ya mtu mtulivu, fundi, baba wa mtoto mmoja, aliyeipenda nchi iliyompokea. Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kuandika barua nzuri kama ile, wala chafu kama ile. Nilipomaliza nikamsomea Mama Fidea, akalia, akasema, "Unavyomjua! Utadhani umekaa naye miaka."

Kisha akaenda uani, akarudi na jogoo amefungwa miguu.

"Chukua, mtani," alisema. "Leo hatumfichi."

Nilimchukua. Sikujua namna ya kukataa bila kusema sababu, na sababu sikuweza kuisema. Nilitembea na jogoo yule hadi Chang'ombe, ananipiga mbawa kwenye paja, nikampa mwanamke aliyekuwa anauza maandazi njiani. Mwezi haukwisha nikawa nimeacha kazi na kupanda treni. Nilimwambia mkuu wangu nimepata nafasi ya kufundisha Lusaka. Nafasi yenyewe niliipata baadaye. Lile daftari langu, lenye majina na namba zake, nililitia sandukuni chini ya nguo. Sikuliiba kwa mpango. Sikutaka tu libaki pale.

Mengine unayajua, maana umezaliwa ndani yake. Nilifundisha takwimu miaka thelathini na miwili. Habari za siri za watu na namna ya kuzilinda nikazifanya somo langu hasa, kabla halijawa na jina la faragha ya taarifa binafsi, kabla watu hawajaanza kulipiwa nauli kwenda kulijadili. Kila mwaka nilisimulia kisa cha mchonga vinyago, na kila mwaka nilikomea kwenye jedwali. Wanafunzi waliandika. Wengine leo ni maprofesa nao wanakisimulia, na sasa kimefika kwenye sura yako ya kwanza. Nimejengewa jina la mtu mwangalifu juu ya kosa nililolipunguza kwa kifutio.

Upweke wa huku ni wa namna ambayo sikuitarajia. Nilidhani nitakosa bahari, au wali wa nazi. Hayo mtu huzoea. Nilichokosa ni mtani. Hapa nimekuwa na marafiki, nimekuwa na mama yako aliyenivumilia kuliko nilivyostahili, lakini hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kuingia kwangu, akachukua kofia yangu akaivaa, akaniambia, "We Myao muongo, una nini huko rohoni?" Msomi huheshimiwa, na heshima ni ukuta. Tangu mama yako afariki, na wewe ukiwa safarini, kuna siku Kiswahili pekee kinachosemwa nyumba hii ni changu nikizungumza na birika. Nacho ni Kiswahili cha mwaka sabini na saba. Ulipokuwa unaongea na wenzako wa Dar kwenye simu juzi nilisikiliza toka jikoni, nikawa kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya wajukuu wa watu aliowaacha. "Ishu iko hivi, sista." Niliyapenda. Sikuwemo.

Sasa juu ya kazi yako. Sikusudii kukufundisha; akili mnemba unaijua kuliko mimi, nami nimesoma tu vitabu ulivyoviacha mezani. Mimi niliandika kanuni kwa mkono wangu. Mashine yako inajitengenezea kanuni zake kutokana na sauti za watu. Umeniambia mtakusanya mazungumzo ya majumbani, Mbagala na Gongo la Mboto hata Kigamboni, watu wakiongea wanavyoongea, ili mashine ijue Kiswahili kilicho hai. Umesema wote watatia sahihi ya ridhaa, majina yatafutwa, hata sauti zitabadilishwa. Nakuamini. Mzee Nandala naye alikubali kuhojiwa, na jina lake nililifuta.

Nilichotaka uone ni hiki. Katika mazungumzo hayo watu watakuwa wanataniana. Mtu atasema, "Mie maiti." Mashine itajifunza sentensi, itajifunza hata pa kucheka. Ile sheria, kwamba neno hili linakaa hapa hapa barazani, itaijifunza kwa nani? Haimo kwenye sauti. Iko kati ya wale wawili. Na siku moja mtu mpole, anakunywa chai, ataiuliza swali lenye jibu sahihi, nayo itamjibu vizuri na haraka, bila nia mbaya, kama nilivyojibu mimi. Sijui dawa yake. Ningeijua ningekuwa nimeandika kitabu, si barua. Ila nadhani mtu wa kuitafuta ni yule anayejua kwamba jambo hili halikuanza na mashine, na wewe ulikuwa hujui, kwa sababu nilikuficha.

Watu wakikuuliza baba yako nani, wajibu. Hata fomu ikikukataza.

Uliniomba lile daftari. Ulisema ni hazina, kwamba hakuna mahali pengine kaya zile za Temeke zimeandikwa hivyo mtu kwa mtu, na msimamizi wako macho yalimng'aa uliposimulia. Nimekupa ahadi mara mbili kwamba nitalitafuta. Halikuwa limepotea. Leo asubuhi, kwa kuwa hakuna umeme, niliwasha jiko la mbaula uani, nikachemsha chai kwa kurasa zake, moja moja, nikizisoma kwanza. Nusu ya siku imeishia hapo. Kuna watu niliokuwa nimewasahau wakaja usoni na watoto wao. Sina hakika kama nimefanya haki. Huenda kuna mjukuu wa mtu mahali fulani angependa kujua babu yake alisema nini asubuhi ile. Lakini waliniambia mimi, kwa muda ule, na mimi sikustahili kuambiwa. Siwezi tena kulirithisha kama shamba.

Ukurasa mmoja sikuuchoma. Nimeukunja ndani ya bahasha hii. Una majibu ya Mzee Nandala yote thelathini na mawili, na chini yake ile sentensi yangu. Ni wa Fidea. Usiupige picha. Usiunakili. Mpe mkononi, na kabla hamjaanza mahojiano yoyote mwambie kilichotokea ofisini, kwa maneno niliyoyaandika hapa: kwamba Myao aliulizwa kama ndiye yule wa karibu na kisima, naye akasema ndiyo. Mwambie pia kwamba aliyeandika ile barua ya maombi kwenye karatasi ya daftari lake ni mtu huyo huyo. Atakumbuka. Alikuwa amesimama begani kwangu.

Ulisema Fidea alikuambia kwenye simu, "Njoo tu, mwanangu. Baba hakurudi. Tulikaa matanga bila maiti, ila kama yuko mtu anayemkumbuka, njoo." Matanga ya Mmakonde, Somoe, na watani hatukuwepo. Mtani ndiye hufagia, ndiye huwachekesha wafiwa wasife kwa kilio, ndiye husema ya marehemu yasiyosemwa na ndugu. Mimi nilikuwa darasani hapa Lusaka naandika ubaoni namna ya kutafuta wastani. Utani hurithiwa. Ukifika mlangoni kwa Fidea, usianze na karatasi za chuo. Sema wewe ni Myao, mtani wao. Akichukua kitu chako, mtandio, saa, hata hiyo kompyuta yako, usimdai. Akikutukana, usinitetee. Akikataa kuhojiwa, funga begi, shukuru, na andiko lako lianze na kitu kingine. Hata ukichelewa mwaka.

Mzee Nandala alikuwa na zamu yake ya kuuliza, nami sikumjibu. Naomba umjibie binti yake. Baba yangu aliitwa Mzee Chimwala. Alikuwa mshona viatu, Tunduru mjini, mlango wa pili kutoka msikitini. Mwaka ule nilipoulizwa alikuwa hai bado.

Imebaki tiketi. Umekata mbili. Uliiweka ya pili chini ya kikombe changu Ijumaa bila kusema kitu, nami nimekuwa nainua kikombe na kukirudisha juu yake siku tatu hizi. Najua unavyofikiri: kama mzee ana la kukiri, akalikiri mwenyewe, asimtume mtoto. Una haki. Nimefika hadi kuvitoa viatu kabatini.

Lakini nimeiona siku yenyewe. Fidea leo ana miaka hamsini na mitano. Nitasimama mlangoni pake na mvi hizi na fimbo. Kabla sijafungua kinywa ataniamkia shikamoo, kwa sababu amelelewa vizuri. Atanipa kiti. Atapeleka mtu akanunue soda. Mtu mzima aliyetoka mbali analia barazani kwako, utamfanya nini kama si kumsamehe? Nitakuwa nimeingia tena nyumba ile na kuondoka na kitu ambacho hakupata nafasi ya kukificha. Bora apate ukurasa, apate kweli yote, na mimi nisiwepo usoni pake, aamue kwa wakati wake. Akitaka kuniandikia, anwani unayo. Asipotaka, nitajua kwa kimya.

Huenda huo nao ni woga ulioshonewa kanzu. Nimeugeuza kila upande na sijapata pa kutenganisha woga na heshima. Ninachojua ni kwamba shikamoo yake siwezi kuiitikia.

Nasikia geti. Unaongea na jirani, unacheka kama mama yako. Bahasha nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi lako, uikute ukiwa umekwisha vuka mpaka. Kitanda cha pili kwenye behewa weka mizigo yako, ulale kwa nafasi.

Mimi sirudi.

Baba yako